Kuhara damu kwenye njia ya Songea

Mwezi Julai 1916 askari wa Jenerali Edward Northey, waliovuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, walipigana na Wajerumani huko Malangali. Kabla Agosti haijaisha walikuwa wameingia Iringa, na Njombe ikawa moja ya vituo vyao vya vita. Nyanda hizi za juu hazikuwa na reli wala barabara ya magari. Chakula, risasi na dawa vilifika vichwani mwa watu, wengi wao tengatenga, yaani wapagazi, kutoka Nyasaland, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi. Wabena, wenyeji wa Njombe, nao walikamatwa vijijini mwao wakabebeshwa, leo na upande huu, kesho na upande ule.

Kijiji cha Kifanya kiko kusini mwa mji wa Njombe, kwenye barabara inayokwenda Songea. Njia hiyo ilikuwa imeshapitiwa na mengi. Septemba 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia misheni ya Walutheri ya Yakobi, na baada ya vita ikaja njaa. Oktoba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck, akitokea Msumbiji, alipanda kutoka upande wa Songea hadi Ubena, akamwacha hapo Jenerali Kurt Wahle akiwa mgonjwa, achukuliwe na adui. Vitabu vinaisimulia njia hii kwa majina ya majenerali. Lakini aliyewalaza watu wengi zaidi kandokando yake hakuwa jenerali. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vile wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, nao wengi waliuawa na magonjwa: nimonia, malaria, na kuhara damu.

Tumtazame mpagazi mmoja jioni. Amefika kambini ameloa. Amepewa unga wa mahindi, tena uliosagwa vibaya, wenye chenga. Kuni ni mbichi, sufuria ni moja kwa kundi zima, na kesho alfajiri safari inaendelea. Ugali anaokula haujaiva. Madaktari wa jeshi waliandika mara nyingi kwamba unga huo mbichi uliwakwaruza watu matumbo, wakaanza kuharisha kabla hata ya kupata maambukizo. Choo ni mtaro mfupi uliochimbwa harakaharaka, au ni kichaka. Kijito cha kunywa kiko bondeni, na mvua ikinyesha, vyote vya mlimani vinateremka bondeni. Ubaridi wa Ubena, unaowatetemesha wageni hadi leo mwezi wa sita na wa saba, uliongeza dhiki: mbegu za baadhi ya vimelea, ambazo jua kali la pwani lingezikausha, kwenye udongo wenye unyevu na baridi hukaa hai kwa siku nyingi.

Siku hizo tayari ilijulikana kwamba kuhara damu ni magonjwa mawili yenye sura moja. La kwanza huletwa na bakteria aliyegunduliwa Japani na Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Hushambulia kwa kasi, na katika kambi za jeshi ndilo huua kwa makundi. La pili huletwa na amiba. Hilo huja polepole, huondoka, hurudi, na miezi kadhaa baadaye linaweza kuibuka upya kama jipu ndani ya ini. Kuyatenganisha kulihitaji hadubini na mtu mwenye muda wa kuitazama. Hospitali nyingi za wapagazi hazikuwa na kimoja wala kingine, na kwenye daftari liliingia neno moja tu la kuhara damu, likifuatiwa na alama ya kifo.

Amiba yenyewe ilikuwa imeonekana miaka 41 kabla ya Northey kufika Malangali. Mwaka 1875, mjini St Petersburg, daktari Fedor Lösch alimhudumia mkulima kijana aliyekuwa akiharisha damu. Kwenye choo chake aliona viumbe wa seli moja wanaojongea kwa kutoa mkono wa ute upande mmoja na kuuvuta mwili uufuate, na ndani yao mlikuwa na seli nyekundu za damu walizozimeza. Lösch aliwapandikiza kwa mbwa, akapata vidonda katika utumbo, lakini akasita kusema kwamba hao ndio chanzo cha ugonjwa. Alidhani wanakichochea tu kidonda kilichokuwepo. Mwaka 1883 Robert Koch alikwenda Misri kuchunguza kipindupindu, akawaona tena katika vipande vya utumbo wa watu waliokufa kwa kuhara damu. Huyu ndiye Koch aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 na kurudi tena Afrika Mashariki miaka iliyofuata kwa ajili ya homa ya papasi na malale.

Mwaka 1891 William Councilman na Henri Lafleur, huko Baltimore, waliandika jambo ambalo naliona kuwa la maana kuliko yote ya karne ile kuhusu ugonjwa huu. Walipoyachunguza majipu ya ini hawakukuta usaha wa kawaida. Ulikuwa uji wa nyama iliyoyeyuka, na seli za kinga zilizozoeleka kwenye usaha zilikuwa chache mno. Kitu fulani kilikuwa kimeiyeyusha nyama ya mtu akiwa bado hai. Wakati huo hakuna aliyejua ni kitu gani, na jibu lilichukua karibu karne nzima.

Mwaka 1900 ilifunguliwa mjini Hamburg taasisi ya magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto, ambayo leo inaitwa kwa jina la mkuu wake wa kwanza, Bernhard Nocht. Madaktari wa Kijerumani waliopelekwa makoloni, Afrika Mashariki ikiwamo, walipitia mafunzo hapo. Fritz Schaudinn ndiye aliyekipa kimelea hiki jina lake la kisayansi, Entamoeba histolytica, mwaka 1903. Miaka miwili baadaye, pamoja na Erich Hoffmann, aligundua kijidudu cha kaswende. Mwaka 1906 akahamia taasisi ya Hamburg, na mwaka huohuo akafariki akiwa na umri wa miaka 34, baada ya kufanyiwa upasuaji wa jipu lililotokana na amiba.

Lililowasumbua wataalamu lilikuwa hili: mbona wengi wanaobeba amiba hawaugui? Mwaka 1913 Ernest Walker na Andrew Sellards, mjini Manila, waliwalisha wafungwa mbegu za amiba, yaani sisti, zile duara ndogo zenye ganda ambazo hutoka na choo na kuingia kwa mtu mwingine kupitia mdomoni. Leo jaribio kama hilo lisingeruhusiwa popote, na ni sawa lisiruhusiwe. Kati ya watu 20, 18 waliambukizwa. Walioharisha damu walikuwa 4 tu. Wale 14 waliobaki waliendelea kula na kutembea huku wakitoa sisti bila kujua.

Watu hao 14 wana maana kubwa katika historia ya njia ya Songea. Mpagazi aliyeharisha alilazwa au alikufa pale alipoangukia. Aliyeubeba ugonjwa bila kuumwa aliendelea na safari, akichota, akipika, akimgawia mwenzake, akijisaidia juu ya chanzo cha maji cha kijiji kingine. Jeshi lilipoondoka, amiba ilibaki matumboni mwa walioonekana wazima.

Mfaransa Émile Brumpt alitoa jibu mwaka 1925. Alisema ni amiba wawili tofauti wanaofanana kabisa chini ya hadubini, mmoja mkali na mmoja mpole, na yule mpole akamwita Entamoeba dispar. Hakusikilizwa. Ilipita zaidi ya miaka 50 hadi mwaka 1978, Peter Sargeaunt na wenzake mjini London walipolinganisha vimeng'enya vya amiba kutoka kwa wagonjwa na kutoka kwa wazima, wakakuta makundi mawili. Mwaka 1993 Louis Diamond na Graham Clark wakalifunga jambo hilo rasmi, na mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani likakubali. Brumpt alikuwa sahihi, lakini alikuwa ameshafariki tangu mwaka 1951.

Wakati maprofesa wakibishana, vijiji vingi vya Tanzania vilikuwa vimekwisha kuanza kazi kwa jembe na sururu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza: watu wanakusanyika kwa vikundi, wanasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, wanasoma kijitabu pamoja, wanajadili, halafu wanakwenda kulifanya waliloamua. Walioshiriki nchi nzima walikadiriwa kufika milioni 2. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa, na uamuzi uliotoka kwenye vikundi vingi ulikuwa mmoja: tuchimbe vyoo. Mzee ambaye shule aliiona kwa mbali tu alisimama mbele ya jirani zake na kueleza jinsi kinyesi kinavyorudi mdomoni kwa njia ya mkono, nzi na maji. Sijui kampeni nyingine ya afya katika nchi yetu iliyomheshimu mkulima kiasi hicho.

Miaka iliyofuata, Iringa, ambayo Njombe ilikuwa sehemu yake hadi ilipopata mkoa wake mwaka 2012, ilipata miradi mikubwa ya maji ya mserereko kwa msaada wa UNICEF na wa serikali ya Denmark. Maji yalitegwa juu milimani na kuteremshwa kwa bomba hadi kijijini. Dawa nayo ilikuwa imepatikana. Kabla yake mgonjwa alichomwa sindano za emetini, zilizoenezwa na Leonard Rogers huko Kolkata kuanzia mwaka 1912, dawa yenye nguvu ambayo pia iliutikisa moyo wa mgonjwa. Mwaka 1966 S. J. Powell na wenzake mjini Durban walionyesha kwamba metronidazoli, iliyokuwa ikitibu ugonjwa wa zinaa wa trikomona, inatibu amiba wa utumbo na wa ini. Hiyo ndiyo Flagyl ambayo kila duka la dawa kutoka Makambako hadi Songea linayo, na ladha yake ya chuma mdomoni anaijua kila aliyewahi kuimeza.

Kwa hiyo kinga ilikuwepo, dawa ilikuwepo, na swali la Councilman na Lafleur lilikuwa bado halijajibiwa: nyama inayeyushwa na nini?

Jibu ni proteazi, vimeng'enya vinavyokata protini. Sisi wenyewe tunavyo tumboni kwa ajili ya kusaga nyama na maharage. Amiba anavyo vingi vya aina moja mahususi, proteazi za sisteini, zinazokata kwa kutumia kiini cha salfa. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2005 ilionyesha jeni za proteazi hizo zikifika makumi kadhaa, idadi ya kushangaza kwa kiumbe wa seli moja. Hata hivyo, karibu asilimia 90 ya nguvu ya ukataji ya amiba wanaofugwa maabara hutoka kwa tatu tu: CP1, CP2 na CP5. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Egbert Tannich, Iris Bruchhaus na wenzao katika taasisi ileile ya Hamburg. Taasisi iliyowaandaa madaktari wa koloni sasa ilikuwa inasoma silaha ya kimelea kilichowaua wapagazi wa vita vya koloni hilo. Nalitaja kwa sababu historia ya sayansi yetu imefungwa hivyo na nyumba za wengine, na ni vizuri tujue mlango upi ulifunguka lini.

Proteazi hizo zinavyofanya kazi ni hivi. Utumbo mpana umetandazwa ute mzito unaowazuia bakteria wasiguse ukuta. Ute huo umeshikiliwa na protini iitwayo MUC2, iliyovikwa sukari nyingi kiasi kwamba vimeng'enya vingi haviwezi kuikata. Amiba kwanza huung'ang'ania kwa protini yake inayonasa sukari hizo. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden na Kanada, akiwamo Kris Chadee, walionyesha kwamba proteazi za amiba hutafuta sehemu ndogo ya MUC2 isiyo na sukari, karibu na mwisho wake, na kukata hapohapo. Wavu wa ute unafumuka. Amiba anafika ukutani, anakata protini zinazoshikanisha seli na seli, na kuingia. Kingamwili zikija, IgA kwa IgG, anazikatakata. Protini za komplimenti, ambazo ni walinzi wa damu, nazo anazikata kwa namna inayozipotosha. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini uji wa jipu la ini una usaha mdogo: seli za kinga zinazofika nazo huyeyushwa.

Na yule mpole, dispar? Jeni yake ya CP5 imeharibika, haitoi kimeng'enya kinachofanya kazi, na CP1 hana. Ni moja ya tofauti zinazomfanya aishi juu ya ute bila kumdhuru mwenyeji wake. Mwaka 1999 Serge Ankri na David Mirelman huko Israeli walipunguza proteazi ndani ya amiba mkali, nao akashindwa kutengeneza majipu ya kawaida kwenye maini ya wanyama wa maabara.

Lakini hata amiba mkali wa kweli, katika watu wengi anaowaingia, hukaa bila kuleta ugonjwa. Takriban mmoja kati ya kumi ndiye huugua. Kwa hiyo silaha peke yake haitoshi kueleza. Lazima kuwe na kinachoizuia isichomolewe kila wakati, tena kinachomlinda mwenye silaha mwenyewe, maana proteazi ikivuja ndani ya amiba itakata protini zake kama inavyokata zetu. Kisu kisicho na ala humkata anayekibeba.

Ala hiyo ilipatikana kwa mzunguko. Mwaka 2001 watafiti wa Brazili walieleza protini ndogo kutoka kwenye kimelea cha ugonjwa wa Chagas, wakaiita chagasini. Inaziba mdomo wa proteazi za sisteini. Ndugu zake wakapatikana kwa kimelea cha malale, ugonjwa uleule uliompeleka Koch visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani, Bruchhaus akiwa mmoja wao, wakamkuta ndugu mwingine ndani ya amiba: kizuizi ICP1. Mwaka uliofuata Tomoyoshi Nozaki na wenzake nchini Japani wakaeleza viwili, ICP1 na ICP2. Cha kwanza hukaa katika uji wa seli. Cha pili hukaa katika vifuko vya mmeng'enyo, mlemle zilimo proteazi. Walipomfanya amiba azalishe vizuizi hivyo kupita kiasi, proteazi alizozitoa nje zilipungua. Kimelea kilichoonekana kama mharibifu tu kumbe kina mizani yake, na huenda ukali wake unategemea mizani hiyo imeelemea wapi.

Hapo likaja wazo la tiba. Kama amiba mwenyewe ana kizuizi, binadamu naye anaweza kutengeneza chake. Mwaka 2007 Sharon Reed, James McKerrow na wenzao huko California walichapisha matokeo ya kizuizi cha CP1 kilichopunguza uvamizi wa amiba katika utumbo wa binadamu uliopandikizwa kwa panya. Hakijafika duka la dawa. Metronidazoli bado ndiyo tegemeo, nayo haiwagusi vizuri amiba waliobaki ndani ya utumbo wala sisti zao, ndiyo maana matibabu kamili huongeza dawa ya pili kama paromomisini au diloksanidi. Mgonjwa asiyepata hiyo ya pili hurudi nyumbani akijisikia mzima na huku bado anatoa mbegu.

Hili linanikera katika zahanati zetu. Mtu anafika na tumbo, anapima choo, anaandikiwa amiba, anapewa Flagyl. Mwezi unaofuata anarudi, amiba tena, Flagyl tena. Wapo watu wazima nyanda za juu wanaosema wana amiba kama mtu asemaye ana shinikizo la damu, kana kwamba ni hali ya maisha. Sisti ya mkali na sisti ya mpole ni duara lilelile la viini vinne, na hadubini haiwezi kuzitenganisha. Wengi wamemeza vidonge kwa ajili ya dispar, kiumbe asiye na kisu. Vipimo vya kinyesi vinavyotambua protini ya amiba mkali vipo duniani, na zahanati ya kata inastahili kuvipata sawa na hospitali kubwa.

Wakati huohuo mkali yupo. Makadirio yaliyotumiwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 ni vifo kati ya 40,000 na 100,000 kwa mwaka. Vinyungu vya mabondeni huko Njombe hulimwa mboga kiangazi chote kwa sababu vina unyevu, na unyevu ndio unaoitunza sisti. Ulanzi unagemwa kwenye mianzi na kunywewa bila kuchemshwa, na vikombe vya kilabuni husuuzwa kwenye ndoo moja tangu mchana hadi jioni. Maji ya ndoo hiyo yakichemshwa kwanza, sisti hufa. Klorini ya kiasi kinachotiwa kwenye maji ya kunywa haiiui kwa uhakika.

Mtaalamu wa maabara mwenye hadubini tu bado ana njia moja ya kumtambua. Achukue choo kibichi, chenye damu na makamasi, kabla hakijapoa. Ndani ya nusu saa ni bora. Atone maji ya chumvi, afunike, atazame. Amiba akiwa hai atamwona akitoa mkono upande mmoja na kuteleza kuufuata, kama Lösch alivyomwona mwaka 1875. Aangalie ndani yake. Akiona seli nyekundu za damu, karibu hakika ni mkali na yuko kazini, na mgonjwa aanze dawa leo, ya kwanza na ya pili.